ALFRED WALLACE: ALIWAPENDA WADUDU, MSHAHARA UKAMPITA

Kuna mjadala nakutana nao kila kona siku hizi. Kijana kamaliza kidato cha nne, bailojia kafaulu vizuri, anapenda wanyama na mimea kwelikweli. Nyumbani wanamwambia asome udaktari au asahau. Kijiweni wanamwambia fuata moyo wako, hela itakuja yenyewe. Kila upande una mjomba wake wa kutolea mfano.

Mimi nimeishia sekondari na si mshauri wa mtu. Ila kuna mzee mmoja wa Kiingereza maisha yake yamenikaa sana kichwani kuhusu hili suala. Wengi wetu tumemsikia kwa jina tu, tena pembeni ya jina la Darwin. Anaitwa Alfred Russel Wallace. Nimemsoma kwa muda sasa na naona hadithi yake huwa inasimuliwa nusu. Wanasimulia vipepeo na misitu, upande wa hela wanauruka. Leo mimi nataka tuongelee hela.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 karibu na mji mdogo wa Usk, huko Wales. Baba yake alisomea sheria lakini hakuifanyia kazi, akaingiza mali kwenye biashara ambazo hazikwenda, familia ikawa inahama hama kufuata maisha ya bei nafuu. Alfred alipofika miaka 14 hivi ada ikashindikana, shule ikaishia hapo. Chuo kikuu hakukiona. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana tutakutana nalo tena mbele.

Kaka yake mkubwa, William, alikuwa mpima ardhi. Akamchukua dogo akamfundisha kazi. Wakawa wanazunguka vijijini na minyororo ya kupimia, wanachora ramani za mashamba. Kutembea porini siku nzima ndiko kulikomfungua macho. Mwaka 1841 akanunua kijitabu cha mimea cha shilingi moja, akaanza kuchuma majani na maua, anayakausha na kuyatafutia majina. Kaka mtu hakuwa na habari na mambo hayo, kwake yeye kazi ilikuwa kupima.

Kazi za upimaji zikapungua, na mwaka 1844 Alfred akapata ualimu mji wa Leicester. Mshahara mdogo wa mwalimu, lakini mjini kulikuwa na maktaba, na humo akakutana na kijana anaitwa Henry Walter Bates. Kumbukeni na hili jina pia. Bates alikuwa anakusanya mbawakavu, yaani wale wadudu wenye mabawa magumu kama ganda, akina dundu na wenzake. Akamwambia kwamba ndani ya maili kumi tu kuzunguka ule mji huenda kuna aina kama elfu moja za mbawakavu. Wallace alishangaa sana. Akatafuta chupa, pini na boksi, naye akaanza.

Mwaka 1845 William akafariki ghafla. Alfred akarudi Neath, Wales, kuziba pengo. Sasa hapa ndo penyewe kwa ajili ya mada yetu. Miaka ile Uingereza nzima ilikuwa imepagawa na reli. Kila kampuni inataka njia yake ipimwe haraka haraka, na wapima ardhi hawatoshi. Wallace alikuwa analipwa gini mbili kwa siku, yaani zaidi kidogo ya pauni 2, na gharama za safari juu yake. Kwa kijana wa miaka 22 aliyekatishwa shule kwa kukosa ada, hizo zilikuwa hela za maana. Ile homa ya reli ikapoa haraka, lakini ujuzi alibaki nao, na pamoja na kaka yake mwingine, John, waliendelea na upimaji na ujenzi. Mjini Neath wakasanifu mpaka jengo la taasisi ya mafundi. Kazi ilikuwepo. Tatizo lake lilikuwa kufuatilia malipo: kwenda kugonga mlango wa mkulima kudai deni kulimkera kupita kiasi.

Wazo la kuondoka lilitokea kwenye kitabu. Yeye na Bates walisoma habari za safari ya mto Amazon, wakawa wanaandikiana barua. Watu husema hapo Wallace aliacha kila kitu akafuata moyo. Jamani, hapana. Kabla ya kupanda meli hawa vijana wawili walikwenda British Museum kuulizia soko. Mtaalamu wa vipepeo wa pale akawaambia Brazili ya kaskazini bado haijachunguzwa vizuri, na wakileta wadudu, ndege na konokono wanaweza kulipia safari yao kwa mauzo. Wakatafuta na wakala London, Samuel Stevens, wa kupokea mizigo, kutangaza na kuuza, huku akikata kamisheni yake. Matajiri wa Ulaya enzi zile walikuwa na ugonjwa wa kukusanya vipepeo na mbawakavu kwenye makabati, na makumbusho nayo yalikuwa yananunua. Kwa hiyo kulikuwa na bidhaa, wateja na dalali. Ile ilikuwa biashara kamili. Aprili 1848 wakaondoka Liverpool, Wallace ana miaka 25, Bates 23.

Wenzao waliopenda viumbe walikuwa wanaishije? Charles Darwin alisafiri na meli ya Beagle kuanzia 1831 bila mshahara, baba yake daktari tajiri analipa, na maisha yake yote hakuwahi kuajiriwa. Thomas Huxley alirudi Uingereza mwaka 1850 kutoka kwenye meli ya jeshi, mtafiti mzuri, sifa kibao, ajira hamna. Mchumba wake yuko Sydney, Australia. Walichumbiana 1847, ndoa ikafungwa 1855, baada ya Huxley kupata kazi ya kufundisha London mwaka uliotangulia. Miaka minane mchumba anasubiri barua kisa mshahara! Kwa hiyo bailojia ya wakati ule ilikuwa ya wenye baba mwenye hela, au wenye uvumilivu wa ngamia. Wallace hakuwa na baba wa hivyo.

Amazon alikaa miaka minne. Mdogo wake Herbert alimfuata kule mwaka 1849, akaona maisha yale si yake, na mwaka 1851 akiwa Pará anasubiri meli ya kurudi nyumbani homa ya manjano ikamuua. Alikuwa na miaka 22. Wallace mwenyewe alikuwa mbali, juu mtoni. Mimi hii sehemu huwa naisoma taratibu. Kwenye mahesabu ya kufuata moyo hatupendi kuiweka.

Mwaka 1852 akapakia mali yake kwenye meli iitwayo Helen. Mzigo mkubwa wa mwisho, pamoja na vile vitu bora alivyojiwekea mwenyewe. Tarehe 6 Agosti, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli ikashika moto. Aliwahi kunyakua kijisanduku cha bati chenye michoro ya samaki na minazi ya kule na vitu vichache. Kilichobaki chote kikaungua mbele ya macho yake. Wakakaa kwenye mashua siku kumi, jua linawababua, maji ya kunywa kwa kipimo, mpaka meli nyingine ikawaokoa.

Kilichomwokoa kiuchumi ni Stevens. Yule wakala alikuwa ameukatia mzigo bima ya pauni 200 bila Wallace kuwa na habari. Haikulipa thamani ya vitu vile, lakini alipofika London alikuwa na hela ya kula na ya kununua suti. Wadau, kama kuna mtu hajawahi kuimbiwa wimbo na anastahili, ni huyu Samuel Stevens.

Mtu mwingine angerudi kupima mashamba. Wallace mwaka 1854 akaondoka tena, safari hii kwenda visiwa ambavyo leo vingi ni Indonesia na vingine Malaysia. Hakuwa na hela ya nauli, akaomba msaada kwa chama cha wanajiografia cha London, Royal Geographical Society, serikali ikamlipia mpaka Singapore. Akakaa huko miaka minane. Alitembea kama maili 14,000, kisiwa kwa kisiwa, mara nyingi kwenye mashua za wenyeji.

Takwimu zake ni za mtu aliyekuwa anaweka vitabu vya hesabu. Jumla alikusanya vielelezo 125,660. Kati ya hivyo mbawakavu peke yao 83,200, vipepeo na nondo 13,100, ndege 8,050, kombe na konokono 7,500, wanyama wanaonyonyesha 310. Aina zilizojirudia zinakwenda sokoni, nakala anazozitaka anajiwekea. Kila mdudu ana lebo. Usiku anachunguza na kuandika, mchana yuko porini na wavu, mchwa na mbwa wa kijijini wanamwibia ngozi za ndege.

Mwaka 1859 kisiwa cha Bacan alinasa kipepeo mkubwa mwenye rangi ya dhahabu na chungwa ambaye hakuna mtaalamu wa Ulaya aliyekuwa amemfahamu. Anavyoeleza mwenyewe, moyo ulimwenda mbio, damu ikampanda kichwani, akajiona kama anataka kuzimia, na kichwa kikamuuma siku nzima iliyobaki. Akampa jina la Croesus, yule mfalme wa zamani aliyesifika kwa utajiri. Hapo ukiniuliza alikuwa anafurahia sayansi au anafurahia bei, nitakwambia hata yeye asingeweza kuvitenganisha, na sioni ubaya wowote.

Kwenye safari ile mwenye mshahara wa uhakika hakuwa Wallace. Alikuwa kijana wa Kimalay kutoka Sarawak, anaitwa Ali. Alianza kama mpishi mwaka 1855, akajifunza kupiga ndege na kuchuna ngozi, mwishowe akawa mkono wa kulia wa Wallace. Ndege mmoja wa ajabu aliyebeba jina la Wallace kwenye sayansi, mwenye manyoya meupe marefu yanayosimama mabegani, aliletwa na Ali, hukohuko Bacan, mwaka 1858. Walipoagana Singapore mwaka 1862 Wallace alimpa hela, bunduki na vitu vingine, akampeleka kupigwa picha. Jina la ndege lakini ni Wallace. Ndo dunia.

Mwaka huohuo wa 1858, kwenye visiwa vya Maluku, alikuwa na homa za vipindi zinazompandisha na kumshusha. Akiwa kitandani likamjia jibu la swali alilohangaika nalo miaka mingi: viumbe hubadilikaje mpaka kuwa aina mpya. Wale wanaoendana vizuri zaidi na mazingira wanabaki na kuzaa, wengine wanapotea, na baada ya vizazi vingi tofauti inakuwa kubwa. Akaandika, na barua iliyoonyesha imetoka Ternate ikaenda kwa Darwin. Darwin akashtuka, kwa sababu naye alikuwa na wazo hilo miaka ishirini hajalichapisha. Marafiki zake wakapanga kazi za wote wawili zisomwe pamoja London tarehe 1 Julai 1858. Kitabu cha Darwin kikatoka 1859. Wallace hakulalamika hata siku moja. Kuna watu mpaka leo wanagombana kwa niaba yake, mimi huo ugomvi nauacha.

Aprili 1862 akarudi London na ndege wawili wa peponi walio hai, ambao safari nzima alikuwa anawatafutia mende wa kula. Meli ilipotia nanga Malta alikwenda kuwakusanya kwenye nyumba ya kuoka mikate.

Tusimame hapa tupige hesabu. Ana miaka 39. Stevens amemwekeza mapato yake kwenye hisa za reli za India, zinamlipa kama pauni 300 kwa mwaka. Kwa mtu asiye na makuu, hiyo inatosha kuishi na kuandika. Yaani dogo aliyekatishwa shule alikuwa amefanikiwa, tena kwa kukamata wadudu. Hadithi ya fuata moyo wako ingeishia hapa na watu wangepiga makofi.

Tatizo lilikuja baada ya hapo. Safari zilipokwisha mapato mapya yakakatika. Akaoa mwaka 1866, watoto wakaja. Akasikiliza washauri, akahamisha hela kwenye reli za nchi nyingine, migodi ya risasi, machimbo ya mawe ya kuezekea. Zikayeyuka, kama zilivyoyeyuka za baba yake. Mwaka 1870 jamaa mmoja anayeamini dunia ni bapa akatangaza dau la pauni 500 kwa atakayemthibitishia kwamba maji yana mviringo. Wallace kwa vile ni mpima ardhi akaona hizo ni hela za bure. Akaweka alama kwenye mfereji mmoja mnyoofu, akaonyesha mviringo, akashinda. Yule jamaa akagoma kukubali, akamtukana na kumwandama zaidi ya miaka kumi, mahakama nayo ikasema dau la namna ile halidaiwi kisheria. Badala ya kuingiza, Wallace akapoteza mamia ya pauni.

Akaanza kutafuta ajira. Chama kilekile cha wanajiografia kilitangaza nafasi ya katibu msaidizi. Akaomba. Mwaka 1864 nafasi akapewa nani? Bates! Rafiki yake wa mbawakavu, ambaye alibaki Amazon miaka 11, akarudi na maelfu ya aina mpya za wadudu na hela kidogo mno. Bates akashika kazi ile mpaka alipofariki 1892. Wallace akajaribu ukurugenzi wa makumbusho mapya ya Bethnal Green, akakosa. Mwaka 1878 akaomba kusimamia msitu wa Epping, kazi ambayo ungesema imeshonwa kwa ajili yake. Akakosa. Mtu aliyegundua nadharia kubwa kuliko zote katika bailojia akawa anaishi kwa kusahihisha mitihani ya serikali kila mwaka, kusaidia kuhariri kitabu cha mwanajiolojia Lyell kwa malipo ya saa, na kuandika makala na vitabu mfululizo.

Bates naye alikuwa na mshahara, mke, watoto na kiti. Ila siku zake ziliishia kwenye kuhariri ripoti za wasafiri wengine, na mbawakavu wakabaki kuwa kazi ya jioni. Wallace asiye na kiti akatoa kitabu cha visiwa vya Malay mwaka 1869, kile kikubwa cha mtawanyiko wa wanyama duniani 1876, na cha viumbe wa visiwani 1880. Mpaka leo mstari unaotenganisha wanyama wa Asia na wa upande wa Australia unaitwa mstari wa Wallace. Mtu anaweza kusema kukosa kazi kulimfaa. Mimi nasita. Hivyo vitabu aliviandika nyumba ikiwa na wasiwasi wa hela, na sidhani mke wake Annie angekubali kirahisi kwamba ilikuwa bahati.

Desemba 1879 mwanamke mmoja anaitwa Arabella Buckley, aliyekuwa katibu wa Lyell, akamwandikia Darwin kwamba Wallace ana hali ngumu, kama kuna kakazi kadogo kapatikane. Darwin akafikiria pensheni ya serikali. Akamuuliza Hooker, mkuu wa bustani za mimea za Kew. Hooker akakataa, akataja ile habari ya dau, na kwamba Wallace anaamini mambo ya mizimu na kuyatetea hadharani. Darwin hakukata tamaa. Huxley akaunga mkono, na Hooker naye akageuka baadaye, baada ya kile kitabu cha visiwani kutoka kikiwa kimetolewa kwa heshima yake. Wakasaini wazito kumi na wawili, barua ikaenda kwa waziri mkuu Gladstone.

Jibu likawa pauni 200 kwa mwaka. Habari ilimfikia Wallace tarehe 8 Januari 1881, siku anatimiza miaka 58.

Aliishi miaka mingine 32. Alikwenda Marekani kufundisha kwa mihadhara ya kulipwa mwaka 1886 na 1887, akaandika vitabu vingine, akalima bustani, mwaka 1908 mfalme akampa nishani ya juu kabisa. Alifariki tarehe 7 Novemba 1913 akiwa na miaka 90, akazikwa Broadstone, kusini mwa Uingereza. Juu ya kaburi wameweka shina la mti wa kale uliogeuka jiwe. Wadudu wake wengi wapo bado kwenye makumbusho ya London, pini zimo, na lebo ndogo za mwandiko wake zinasomeka.

Haya wadau, mnaosoma PCB na CBG, na wazazi wenu kama wapo humu, uwanja ni wenu. Kile kiti cha mwaka 1864, ungependa kiende kwa Bates au kwa Wallace?